Grisi Kwenye Kompyuta ya Kafedha

Mtu akifa Magogoni, jamaa zake humtafuta mchungaji, kisha seremala wa majeneza, kisha Kafedha. Wapo wanaoanza na Kafedha, kwa kuwa jeneza hupatikana siku yoyote, lakini wasifu wa marehemu ukiandikwa vibaya watu watausema mpaka wajukuu wausikie.

Kafedha ni mjane wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti kali ambayo wageni huidhania hasira, kumbe ndiyo sauti yake ya kila siku. Alijifunza kupiga taipu ujanani, akawa karani wa wakili mmoja mjini kwa miaka kumi na minne. Wakili alipofunga ofisi alimpa mashine ya taipu na barua ya kumsifu. Mashine ilikwishakufa, barua ingali ukutani kwenye fremu. Siku hizi ana kibanda chake kando ya barabara, chenye kompyuta moja, printa moja nzima na nyingine ya kutolewa vipuri. Huandika barua za kuomba kazi na maombi ya basari, hupiga fotokopi za vitambulisho. Lakini jina lake limevuma kwa vijitabu vya mazishi, vile vya kurasa nane vyenye picha ya marehemu juu na wasifu wake ndani.

Kazi hiyo ana namna yake ya kuifanya, na hataki kushauriwa. Huenda matangani na daftari, akaketi na jamaa wote pamoja. Ukimvuta pembeni umnong'oneze jambo, atakurudisha kwenye mkeka ulisemee hapo. "Mficha uchi hazai," huwaambia. "Mkinificha mimi, mtaumbuka kaburini." Akishayaandika hayo, huyapiga kwenye kompyuta, kisha huwaita jamaa kibandani wasome kwenye kioo, mstari kwa mstari. Kila mmoja akiridhika, Kafedha huyachana yale makaratasi ya daftari mbele ya macho yao, ili kesho asije mtu akasema, mbona awali tuliandika vingine. Wala hampi mtu nakala ya flashi, wala hatumi kwa simu kabla ya siku ya kuchapa. Miaka ya nyuma aliwahi kumpa shemeji mmoja nakala, naye akaenda kumfuta mtoto mmoja kwenye wasifu. Mtoto huyo alijua si wa baba yake siku ile ile ya kumzika, mbele ya watu mia tatu. Kafedha alilia siku hiyo kuliko wafiwa, na tangu hapo nakala haitoki.

Sasa, Jumamosi moja alikuwa na msiba mgumu. Mzee Kiponda Tinga, mpakuaji mizigo mstaafu wa bandarini, alikuwa ameacha nyumba mbili. Kubwa ilikuwa hapo hapo Magogoni, ya Bi Winfred, aliyefunga naye ndoa kanisani. Ndogo ilikuwa Mwakirunge, ya Mwanatatu, ambaye alimpelekea mahari na tembo la mnazi kwa wazee wake, akazaa naye watoto watatu, lakini madhabahuni hakumfikisha. Munga, kifungua mimba wa nyumba kubwa, karani wa yadi ya makontena, alitaka wasifu useme marehemu alikuwa mume wa Winfred, nukta. Walikaa mkekani saa tano nzima. Wazee walisema, wakanyamaza, wakasema tena. Mwanatatu alifungua kinywa mara moja tu. "Mimi kanisa lenu silitaki," alisema. "Nataka watoto wangu wajulikane baba yao ni nani."

Naye alikuwa na sababu. Mtu akifuatilia mafao ya marehemu huulizwa barua ya chifu, na akienda kwa chifu hubeba kijitabu cha mazishi kwapani. Jina lisilokuwamo humpa mtu safari nyingi.

Kafedha ndiye aliyeipata sentensi. Aliipima kama mwanamke anayepima unga wa mkopo: "Marehemu ameacha nyumba mbili, ya Magogoni kwa Mama Winfred na ya Mwakirunge kwa Mama Mwanatatu, na watoto saba, wote wakimlilia." Neno mke halikuwamo, kwa hiyo mchungaji hakuwa na la kukunjia uso. Neno nyumba lilikuwamo mara moja kwa wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyepata zaidi. Jioni walikuja kibandani, wakasoma. Bi Winfred alisema ndivyo. Mwanatatu akasema ndivyo. Munga akawa wa mwisho, akasema huku akiutazama mlango. Karatasi zikachanwa. Ikabaki kungoja picha ya jalada la nyuma na saa za ibada, vijitabu vichapwe Jumatatu. Maziko yalikuwa Jumanne.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na hapa lazima nimseme Kafedha ingawa nampenda.

Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa ameiongezea kompyuta yake nguvu. Ilikuwa imezeeka, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai, ukanywa, ukaosha kikombe, ndipo ikuulize nywila. Fundi wake ni Mwangi, kijana wa bara anayekaa Changamwe karibu na uwanja wa ndege, mwenye kuita kila mwanamke mathe. Mwangi aliitia diski mpya ya kasi, akatoa memori mbili za zamani, akatia mbili mpya kubwa. Mashine ikawa inaamka kabla hujaketi sawasawa. Kisha Mwangi akamwonyesha zile za zamani, vibao vyembamba vyenye safu ya meno ya rangi ya dhahabu.

"Cheki hii kutu, mathe," alimwambia. "Chumvi yenu ya huku inakula kila kitu. Hata hizi mpya utaona."

Angejua neno hilo litamrudia, angelimeza. Kafedha alikuwa ametazama yale meno yaliyofanya ukijani, na moyo wake haukutulia siku tatu. Vitu vipya, pesa ya jasho lake, viliwe na chumvi? Jumapili baada ya kanisa akamkumbuka marehemu mumewe, Ngala, dereva wa trela. Kila mwezi Ngala alikuwa akipaka grisi kwenye vichwa vya betri ya gari, na betri zake hazikuliwa kutu hata siku moja. Mkebe wa grisi ya Ngala ungali chini ya kitanda, nusu. Kafedha akawaza, chuma ni chuma. Akaubeba mpaka kibandani, akaufungua ubavu wa kompyuta kama alivyomwona Mwangi akifanya, akazichomoa memori mbili mpya, akayapaka meno yake grisi kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Akazirudisha mpaka zikalia tak. Akafunika mashine na kitambaa chake cha kufuma. Hakuiwasha, kwa kuwa Jumapili hafanyi kazi. Alirudi nyumbani akijipongeza.

Jumatatu saa mbili asubuhi akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Kisha ikaanza kulia, mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya.

Mwanzo hakushtuka. Miaka kumi na miwili na kompyuta si haba. Alizima ukutani, akawasha. Alibadilisha soketi. Alichomoa waya wa kioo, akaupuliza, akaurudisha haraka haraka. Alichomoa printa na kipanya, akaacha mashine peke yake. Mlio ukabaki ule ule. Ndipo akaacha kuhangaika na waya, kwa kuwa alijua kitu gani kilikuwa kimeguswa tangu Jumamosi, na nani alikigusa.

Mwanatatu alifika wa kwanza, kutoka Mwakirunge, viatu vyeupe kwa vumbi la machimbo, na bahasha yenye picha ameikumbatia kifuani. Dakika chache baadaye akaingia Munga na karatasi ya saa za ibada.

"Shikamoo, mama," Munga alimwambia Kafedha.

"Marahaba."

Kwa Mwanatatu alisema habari tu, kama mtu anayesalimu foleni.

Walipoisikia mashine ikilia, wote wawili walimtazama Kafedha, naye akasema neno la kwanza lililomjia. "Ni yule fundi wa bara. Aliigusagusa Alhamisi, sijui kafanya nini. Vijana hawa, wallahi, kazi yao nusu nusu." Hata Mkristo wa huku kwetu Kisauni huapa kwa wallahi akitaka kuaminiwa, na akiapa hivyo bila kuulizwa, jihadhari naye.

Munga alivuta kiti, akaketi, akatoa simu. Hakuonekana kuudhika. "Si neno, mama," alisema kwa upole. "Hizi ni mashine. Mimi nina maneno machache hapa kwenye simu, niliyaandika tangu siku ile ya kwanza ya matanga. Kuna saiba pale mbele, wana kompyuta na printa zao, watanichapia kwa ufupi. Vijitabu mia mbili si kazi ya kuanza jioni. Nitangoja hadi saa sita, ikishindikana niende."

Kafedha aliyajua maneno ya siku ya kwanza. Yalikuwa na Winfred na watoto wanne, nukta. Alimgeukia Mwanatatu, akidhani atapiga kelele, maana wengine wangelipiga. Mwanatatu aliketi kwenye benchi akaiweka bahasha mapajani.

"Yale tuliyosoma yako wapi, dada?" aliuliza.

"Yamo humu humu," Kafedha akasema, akiigonga mashine kwa kiganja.

"Basi yatoe."

Kafedha akampigia Mwangi. Kijana alikuwa juu ya ngazi katika ofisi moja ya mizigo kule uwanja wa ndege, akipitisha waya kwenye dari, na hawezi kutoka kabla ya jioni. Kafedha aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili mikono yake iwe huru.

"Hebu nisikie inavyolia," Mwangi alisema. Akasikiliza. "Hiyo ni memori, mathe. Ikilia hivyo ni memori haionekani. Na zilikuwa sawa. Nilizijaribu saa nzima Alhamisi, na Jumamosi si uliitumia?"

"Niliitumia."

"Sasa imekuwaje? Kuna mtu amefungua?"

Watu wawili walikuwa wakimtazama. Kafedha aliutazama mkono wake, ambao ulikuwa na mstari mwembamba mweusi chini ya ukucha.

"Hakuna aliyegusa," alisema.

Mwangi alivuta pumzi. "Basi ni mimi. Labda nilizikaza vibaya, ama ni ule ubao wenyewe umechoka umekataa hizi mpya. Pole sana, mathe. Nitakuja jioni na memori zingine. Kwa sasa hakuna kitu utafanya hapo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kafedha iliishia hapo hapo. Kwa neno moja alikuwa amemfungia mlango mtu pekee aliyeweza kumsaidia. Alikata simu. Munga akatazama saa.

Alijaribu kuficha na kutengeneza kwa pamoja. Alizima mashine, akawageuzia wageni mgongo, akafungua ubavu, akazitoa zile memori na kuzipangusa kwa pembe ya leso yake. Leso ikatoka na alama nyeusi, akaikunja ndani. Akazirudisha. Mlio. Akazibadilisha nafasi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Mlio. Akazipangusa tena mpaka meno yakang'aa, akarudisha moja tu. Mlio mrefu, kimya. Akamulika kwa simu yake ndani ya ufa ambamo memori hukaa, akaona mstari mweusi umejaa mle chini, mwembamba, mahali ambapo pembe ya leso haiwezi kufika. Grisi ilikuwa imeingia ndani na kukaa. Ngala, Mungu amrehemu, hakununua grisi ya mchezo.

Ilikuwa saa tano na dakika arubaini. Alikaa chini.

Nikisema aliyoyawaza msimcheke sana. Aliwaza kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Jioni Mwangi atafungua, ataona, atakasirika, lakini Mwangi ni mtu wa Changamwe na haya ya Magogoni yatakuwa yamekwisha. Vijitabu vya saiba vitakuwa vimechapwa. Watu watasema fundi wa bara aliiharibu kazi ya Kafedha, na jina la Kafedha litabaki mahali pake. Kijana wa bara ana majina mengi tayari, moja zaidi halitamwua. Aliyawaza yote hayo kwa mpango, na kila alipofika mwisho wa mpango akamkuta Mwanatatu kwenye benchi.

Mwanatatu wala hakuwa akimtazama. Alikuwa ameitoa picha kwenye bahasha: Mzee Kiponda na watoto watatu wadogo mbele ya nyumba ya udongo, mkono wake umemkamata bega mdogo kuliko wote. Aliitazama, akaipangusa kwa kiganja, akairudisha kwenye bahasha, akaanza kuifunga pochi yake. Munga akasimama, akajinyoosha suruali.

Aibu ilimpanda Kafedha kutoka miguuni. Miaka mingapi amekuwa akiwafokea wafiwa wasifiche? Amewatoa watu machozi mkekani kwa ajili ya ukweli, yeye mwenyewe ukweli wa kidole kimoja cha grisi unamshinda. Mganga hajigangi, kweli, lakini huyu alikuwa anakaribia kumzika mgonjwa.

"Keti, Munga," alisema kwa sauti yake kali, na Munga akaketi bila kujua kwa nini. Akapiga simu tena, kwa sauti ya juu, makusudi.

"Mwangi, mwanangu. Nilikudanganya."

"Niaje tena, mathe?"

"Mashine niliifungua mimi. Jana. Nilizitoa zile memori nikazipaka grisi, zisiliwe na chumvi."

Kule kwa Mwangi ilisikika drili ya mtu mwingine. "Grisi?" aliuliza. "Grisi ya gari?"

"Ya trela."

"Wueh!" Kafedha alitarajia acheke, lakini hakucheka. "Mathe, mimi niko hapa juu ya ngazi kwa saa mbili nzima nikijilaumu. Nimeshapigia mtu aniuzie zingine."

"Najua. Na hapa mbele ya watu nimesema ni wewe uliyeharibu. Nimekuvunjia heshima, na wao hawa wanasikia: hukukosa kitu. Nisamehe, mwanangu."

Munga alikuwa amekodoa macho. Mwanatatu alikuwa ameacha kuifunga pochi.

"Haya, imeisha," Mwangi alisema, na sauti yake ikalegea. "Lakini grisi, mathe! Sasa nisikilize. Kama ni grisi tu, si kufa, ni uchafu. Kuna duka la dawa hapo karibu? Nataka spiriti, ile ya kusafisha kidonda. Na mswaki mpya mlaini. Na raba ya shule."

Kabla Kafedha hajasimama, Mwanatatu alikuwa mlangoni. Raba ilikuwamo kwenye droo. Kafedha akamgeukia Munga.

"Wewe njoo unishikie mwanga."

"Mama, ni saa sita kasoro..."

"Nimekwambia ushike mwanga. Mkono wako una kazi gani?"

Munga akashika. Mwanzo alimulika dari, kisha ukuta, kisha barua ya wakili, lakini Kafedha alipomsonya aliinama akamulika panapotakiwa. Mwanatatu alirudi akihema, na chupa ya spiriti na mswaki wa waridi ndani ya mfuko wa khaki. Wakafanya kama walivyoambiwa na sauti iliyotoka mezani. Waliuzima umeme ukutani na kuchomoa waya, wakabonyeza kitufe ili mashine iteme umeme uliobaki ndani. Kafedha alichovya mswaki kwenye spiriti, akausukuma ndani ya ufa, akasugua kwa urefu, akaupangusa kwenye kitambaa, akachovya tena. Mara ya kwanza ulitoka mweusi. Mara ya nne ulitoka wa kijivu. Mara ya saba ulitoka na rangi yake. Mwanatatu aliyasugua meno ya memori kwa raba, moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu aliyezoea kuchambua mchele.

"Sasa acheni zikauke," Mwangi alisema. "Dakika kumi. Msiweke na maji maji, mtaunguza kila kitu."

Dakika kumi hizo zilikuwa ndefu. Saa sita ilipita na hakuna aliyeitaja. Munga aliendelea kushika mwanga ingawa hakukuwa na cha kumulika.

Kafedha akazirudisha memori. Tak, tak. Akachomeka waya, akabonyeza. Feni ikazunguka. Wakangoja ule mlio, na mlio haukuja. Lakini kioo nacho kikabaki cheusi.

"Hailii, lakini haionyeshi kitu," alisema.

"Hailii kabisa? Basi iko sawa hiyo. Waya ya kioo uliigusa asubuhi?"

"Niliichomoa."

"Iangalie nyuma."

Ulikuwa umeingia nusu, umekaa kwa upande mmoja kwa ile haraka yake ya saa mbili. Kafedha aliusukuma, akakaza skrubu zake mbili kwa kucha. Kioo kikapata mwanga, kikauliza nywila, na kabla Mwanatatu hajamaliza kusema alhamdulillahi faili lilikuwa limefunguka: jina la Mzee Kiponda Tinga kwa herufi kubwa, tarehe zake mbili, na chini yake kila neno kama walivyoliacha Jumamosi.

"Imewaka," Kafedha aliiambia simu.

"Poa. Na huo mkebe wa grisi, mathe, tupa."

"Sitautupa, ni wa mume wangu. Lakini humu hautaingia tena."

Kazi ikaanza. Kafedha aliiskani picha ya Mwakirunge akaiweka jalada la nyuma, na Munga akamsomea saa za ibada, akaziandika. Aliwaonyesha wote wawili ukurasa wa mwisho wa wasifu, wakausoma kimya, hakuna aliyeomba neno libadilishwe. Printa ikaanza kutoa karatasi, moto, mbili mbili, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda Kafedha aliwapa nao kazi. Mwanatatu akawa anakunja. Munga akawa anabana kwa stepla. Yeye mwenyewe akalisha printa na kuitukana ilipokwama.

Walikuwa wamefika kama kijitabu cha sitini wakati Munga aliposema, kichwa kimeinama, "Nami kuna jambo."

Akabana kijitabu kimoja, akakiweka juu ya vingine.

"Asubuhi, niliposikia mashine imekufa," alisema, "nilifurahi."

Kafedha aliushusha mkono wake kutoka kwenye printa.

Mwanatatu aliendelea kukunja. "Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Ulipovuta kiti ukatoa simu. Nilikuona. Wewe una uso wa baba yako, Munga. Kiponda akifurahi hata angegeukia ukuta ungejua." Akalaza karatasi mapajani, akaupitisha ukucha kwenye mkunjo. "Miaka ishirini na sita nimeutazama uso huo. Ningekosaje kuujua?"

Munga aliishika stepla bila kuibana. Macho yalimjaa, akayaacha yajae, mtu mzima wa yadi ya makontena. Mwanatatu akamtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akakichukua kile kijitabu alichokuwa amekishika.

"Unabana pembeni mno, mwanangu," alisema. "Kurasa zitatoka. Bana hapa kati."

Akamwekea kidole mahali penyewe, na Munga akabana hapo.